Gitaa Linalochelewa Kuanguka

Habari hii aliyeisimulia kwanza ni mama mdogo wangu Marsiana, nyumbani Kanazi, mwezi wa Julai mwaka 2023, tulipokuwa tunachambua mbegu za maharage. Alikuwepo yaliposemwa, maana benchi ni lake na birika la kahawa ni lake. Baadaye nilimuuliza Kwizera pia. Walipotofautiana nimefuata maneno ya Marsiana, isipokuwa kwa yaliyotokea ndani ya banda, ambayo yeye hakuyaona.

Benchi liko Nyakanazi, njia panda, kati ya gereji na duka la vocha: ubao mrefu juu ya rimu mbili za Fuso. Asubuhi hiyo ya Jumamosi, Mei 2022, waliokaa ni wanne. Philbert ni fundi wa malori, na wanamwita Taimingi kwa sababu kila ugonjwa wa injini, na wa binadamu, kwake ni taimingi, yaani vitu kupishana kwa wakati. Mzee Rogasian ni katekista mstaafu. Yeye wanamwita Kiitikio. Kwizera ni Sauti, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa mtafsiri katika banda la video la Malongo: alishika maikrofoni akaeleza kwa Kiswahili kila walichosema watu wa kwenye filamu, na mengi ambayo hawakuyasema. Wa nne, mwishoni mwa ubao, ni mjomba wangu Projestus, kaka yake Marsiana. Yeye walimwita Jazi.

Ni Jazi aliyemwondoa Sauti kwenye maikrofoni, ingawa hakuomba. Madereva wa malori waliokuwa wanalala Nyakanazi walitoka Kigali, Bujumbura, Goma na Mwanza, na Kiswahili cha Sauti kiliwafikia nusu. Malongo akatafuta filamu za kuchekesha za zamani sana, zisizo na sauti yoyote, ambazo mtu wa kabila lolote anazielewa. Lakini banda lililo kimya linatia watu usingizi. Akamwomba Projestus akae mbele na gitaa lake.

Asubuhi hiyo Malongo mwenyewe alipita. Alipokea kikombe akiwa amesimama.

— Jazi, Jumamosi iliyopita alicheka mtoto mmoja, na huyo alikuwa anatekenywa na mwenzake.

— Nilimsikia, alisema Projestus.

— Watu wanatoka bandani kwangu kama wametoka kupokea majibu ya hospitali. Sasa sikiliza, kaka. Mimi sina ugomvi na gitaa. Leo saa kumi tunaonyesha ile ya fundi na ngazi. Wakicheka, endelea. Wasipocheka, kesho maikrofoni inarudi kwa Sauti, na wewe unarudi na gitaa lako nyumbani.

— Sawa.

— Sawa tu? Huna neno?

— Umesema, nimesikia.

Malongo akaondoka na kikombe mkononi. Marsiana alimwita mara mbili ndipo akakirudisha.

Inafaa ieleweke Projestus alikuwa anapoteza nini, maana kwenye benchi hakuna aliyelitaja jambo hilo. Miaka ya kambi za wakimbizi, mhandisi wa maji, mgeni, alimwachia sanduku la kaseti alipokwenda kwao. Zilikuwa kaseti za gitaa la jazi ya kisasa, gitaa peke yake au na besi na ngoma laini. Projestus alizisikiliza mpaka utepe ukalegea, akajifunza kila kilichokuwamo. Alipoupiga muziki ule kwenye harusi ya Murusagamba, waliomba redio. Alipoupiga kanisani, mwalimu wa kwaya alimwambia apumzike. Banda la Malongo lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu aliuomba muziki ule, na hapakuwa na pa pili.

Malongo alipokwisha kuvuka barabara, Taimingi alijisogeza kwenye ubao.

— Mimi nilisema tangu mwanzo. Hilo gitaa linachelewa. Fundi anatumbukia kwenye pipa la chokaa, pu! Unakaa, unakaa, ndipo gitaa nalo linaanguka. Hiyo ni taimingi. Injini ikiwa hivyo inakohoa, na ukilazimisha inavunja.

— Halichelewi, alisema Kiitikio. Linaitikia. Padri anasema, watu wanaitikia. Umewahi kuona wapi watu wakiitikia kabla padri hajasema?

— Nimewaona, Mzee. Wale wanaotaka Misa iishe.

— Wewe ungewajua, maana unakaa nao mlangoni.

— Mnazunguka tu, alisema Sauti. Mtu hachekeshwi na kitu ambacho hakuambiwa. Mimi nilikuwa nawaandaa. "Mwangalieni mjinga huyu, haoni pipa, haoni pipa, anaingia!" Wanacheka hata kabla hajaingia.

— Na siku ile uliyowaambia anaingia kaburini, akapanda ndege? alisema Taimingi.

— Ile filamu ilikuwa mbovu.

— Na ile ya msiba uliyoitafsiri kuwa harusi?

— Watu walilia, hawakulia?

— Walilia harusini, Sauti! Mke wangu mpaka leo ananiuliza yule bibi harusi alikuwa amekosa nini.

Marsiana alicheka, akaongeza kahawa kwenye vikombe. Projestus alisogeza chake bila kugeuza kichwa. Alikuwa anavichezesha vidole vya mkono wa kushoto juu ya paja, kama mtu anayefunga na kufungua vifungo.

— Mimi kinachonisumbua ni jina lenyewe, alisema Kiitikio. Jazi naijua. Jazi ni bendi. Magitaa matatu, tarumbeta, na mtu anaimba habari za mke aliyerudi kwao. Watu wanainuka, wanacheza. Hii ya Projestus utainukaje? Ukiinua mguu, unapoushusha unakuta muziki umeshahama.

— Hiyo ni dansi, Mzee, alisema Projestus. Bendi zilijiita jazi, lakini walichopiga ni dansi.

— Kwa hiyo miaka yote ile tulidanganywa?

— Hamkudanganywa. Mlicheza.

— Jibu hilo! alisema Taimingi, akapiga goti lake. Sasa tuambie, hiyo jazi yako ya kweli inatua wapi? Maana nimesikiliza sana, sijaona inapopaki.

— Si lazima itue.

— Lori lisilopaki linaishiwa mafuta.

— Muache kwanza, alisema Kiitikio. Jambo si kupaki. Mimi nimeliwaza jambo hili kitandani. Filamu zile zina umri gani?

— Malongo anasema miaka mia.

— Miaka mia. Basi wale wote mnaowaona pale wameshakufa. Fundi amekufa. Mwenye pipa amekufa. Hata yule mbwa.

— Mbwa naye, Mzee?

— Mbwa ataishi miaka mia? Wote ni marehemu. Sasa gitaa linamwona marehemu anaanguka. Linaweza kumcheka papo hapo? Linasubiri kidogo, kwa heshima, linaomba ruhusa, ndipo linapiga. Huko si kuchelewa. Hayo ni malezi.

— Gitaa limelelewa na nani?

— Na Ndassa, baba yao hawa. Au humjui Ndassa?

— Mimi nimelelewa na Ndassa, Mzee, alisema Marsiana. Gitaa kaka alilinunua Kahama.

— Mnaingiza dini kwenye mambo ya umeme, alisema Taimingi. Ngoja niwape ufundi. Radi ikipiga, unaona nini kwanza?

— Mwanga.

— Halafu?

— Ngurumo.

— Mmeona? Picha ni mwanga, gitaa ni ngurumo. Picha inafika kwanza. Hata umlete mpigaji wa wapi, gitaa litakuja nyuma. Dawa yake ni moja: Jazi asogee karibu na watu.

— Kwani yuko mbali? alisema Sauti. Watu wa mbele anawakanyaga vidole.

— Basi akae katikati yao.

— Na wa nyuma?

— Wa nyuma watangojea ngurumo yao. Kila mmoja na zamu yake.

— Yaani kicheko kipite bandani kama foleni ya mafuta?

— Afadhali foleni kuliko kilichopo sasa, maana sasa hata pampu imefungwa.

Sauti akasimama, akavuta suruali juu, akakaa tena. Marsiana anasema hivyo ndivyo alivyofanya kila alipotaka kutoa neno kubwa.

— Niwaambie ukweli? Kicheko kimeondoka na madereva. Mwezi wa kwanza wa gitaa banda lilikuwa linapasuka. Nilikuwa nimekaa mlangoni nimenuna, maikrofoni sina, nasikia paa linatikisika. Walikuwa nani? Madereva. Maegesho yakahamishwa mbele huko, malori yakaenda, na kicheko kikaenda. Sasa hivi kicheko chetu kiko Kahama, kimelala kwenye kabini ya lori.

— Kwani hapa hatukuwa na cha kwetu?

— Tulikuwa nacho? Mhangaza anacheka moyoni. Anafika nyumbani, anamsimulia mke, mke anacheka, ndipo naye anaanza.

— Na Mzinza?

— Mzinza anacheka kesho yake.

— Msukuma je? Malongo ni Msukuma.

— Msukuma alicheka njiani wakati anakuja. Akifika kwenye filamu ameshamaliza.

Walikuwa bado wanacheka alipofika mama mmoja na kiroba cha maharage kichwani na kuku chini ya kwapa. Alishusha kiroba, akauliza kama basi la Kahama limepita. Marsiana akamwambia bado. Taimingi na Sauti wakampisha kwenye ubao.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, binti, alisema Kiitikio. Umetokea wapi?

— Murusagamba. Binti yangu amejifungua Kahama, nakwenda kumuogesha mtoto.

Alisema anaitwa Esperansia. Marsiana alimpa kahawa, na kuku akawekwa chini ya ubao, amefungwa miguu. Esperansia alisikiliza kwa muda. Taimingi na Sauti walikuwa wamerudi kwenye radi, na Kiitikio kwenye marehemu. Hatimaye akamuuliza Marsiana kwa sauti ndogo wanagombania nini, na wote watatu wakamjibu kwa pamoja. Ilibidi Marsiana awanyamazishe, amweleze jambo moja moja: kwamba kuna filamu isiyosema, kwamba huyu kaka yake anaipigia gitaa, kwamba gitaa linachelewa na watu hawacheki, kwamba leo wasipocheka, basi, kazi imekwisha.

— Mimi sijawahi kuingia kwenye banda hilo, alisema Esperansia. Mtanisamehe nikiuliza kijinga.

— Uliza, mama, alisema Taimingi. Hapa ndipo mahali pake.

— Huyu anapopiga, anatazama wapi?

— Anatutazama sisi. Mpiga gitaa atatazama wapi?

— Na hiyo picha iko wapi?

— Kwenye shuka, nyuma yake. Kama bendi yoyote ile, mama. Bendi inawaelekea watu.

— Nyuma yake, alisema Esperansia. Akamgeukia Projestus. Sasa wewe unajuaje kwamba mtu ameanguka?

Projestus aliacha kuchezesha vidole.

— Kwenye nyuso zao. Wakicheka, najua ameanguka.

— Ndipo unapiga.

— Ndipo napiga.

— Na nyie, wanangu, mnajuaje kwamba hapo ndipo pa kucheka?

— Zamani Sauti alikuwa anatuambia, alisema Taimingi. Siku hizi tunasikiliza gitaa. Gitaa likianguka, tuna…

Akamtazama Projestus.

— Wao wanakungoja wewe, Esperansia alimwambia Projestus. Na wewe unawangoja wao. Sasa hapo nani anaanza?

Marsiana anasema lilipita lori la saruji, likapita na jingine nyuma yake. Taimingi aliangalia ndani ya kikombe chake kama mtu anayepima oili.

— Madereva ndio walikuwa wanaanza, alisema Sauti mwishowe, na hakusema kwa ushindi. Wale hawakuwa wananisikiliza mimi wala gitaa. Walikuwa wanacheka tu.

— Na sasa hawapo, alisema Esperansia.

— Hawapo.

— Basi swali langu bado liko palepale.

— Kioo! alisema Taimingi, akainuka. Nina kioo cha pembeni cha Fuso pale gereji, kizima kabisa. Tunakifunga kwenye nguzo mbele yake. Anawaangalia watu, na huku anaona nyuma, kama dereva. Imekwisha!

Projestus alifikiri kwanza. Marsiana anasisitiza kwamba alifikiri kweli, hakuwa anamdharau Taimingi.

— Kwenye kioo kulia kunakuwa kushoto. Mtu ataangukia upande ambao hakuangukia.

— Kwani gitaa lina upande?

— Langu lina.

— Kaka, alisema Marsiana, kwa nini usigeuke tu? Ugeuze kigoda, uitazame hiyo picha kama wanavyoitazama wenzako.

— Niwape watu mgongo?

Hakusema kwa hasira, lakini Marsiana aliinamisha macho, kwa kuwa alijua neno hilo limetoka wapi. Baba yao, babu yangu Ndassa, alipiga inanga, ile ala yetu ya nyuzi, kwenye harusi za Kanazi na vijiji vya jirani, na kundi lake lilikuwa na kanuni chache. Mojawapo ilikuwa hii: mpigaji anayewapa wageni mgongo ni kama amewaambia waende kwao. Aliyeivunja alitoa mtungi wa pombe ya ndizi na kukaa nje ya uzio mpaka harusi iishe. Projestus alianza kukaa kwenye kundi lile kabla hajaanza shule. Alipiga dansi, alipiga kanisani, alipiga harusini, na popote alipokaa watu waliona uso wake.

— Mzee alisema aliyekuja kukusikiliza usimpe mgongo, alisema Projestus. Sijawahi.

— Ndiyo maana nasema ana malezi, alisema Kiitikio. Kisha akaendelea, na sasa hakuwa anabishana. Lakini nikwambie jambo, Projestus. Mimi nilikuwa mtumishi wa altare kabla Misa haijageuzwa. Nilikuwa mdogo, nashika kengele. Enzi zile padri hakuwa anatutazama. Alitazama altare, sisi tuko nyuma yake, tunaona kanzu tu na kisigino cha kiatu. Na tuliitikia, Projestus. Tuliitikia Kilatini ambacho hatukijui, kanisa likavuma.

— Kwa hiyo aliwapa mgongo, alisema Taimingi.

— Na mimi nilikuwa nasema hivyo. Nilimwambia baba yangu, padri anatupa mgongo. Baba akasema hapana. Anatazama kule tunakotazama sisi sote, ila yeye amekaa mbele.

Sauti alitaka kusema, Marsiana akamkanyaga mguu.

Kutoka upande wa Biharamulo basi likapiga honi. Esperansia akamvuta kuku wake, Taimingi akambebea kiroba. Alimrudishia Marsiana kikombe kwa mikono miwili.

— Mniombee nifike salama. Na wewe, baba, Mungu akusaidie na hao watu wako.

— Amina, alisema Projestus.

Basi lilipoondoka, Taimingi alirudi akinyoosha kikombe chake. Marsiana aliinua birika, akalitikisa. Yalitoka matone mawili na vipande vya tangawizi. Kiitikio akatazama ndani ya birika, akathibitisha. Wakainuka mmoja mmoja. Projestus ndiye aliyebaki wa mwisho. Alimsaidia dada yake kusuuza vikombe, jambo ambalo si la kawaida yake, akaenda kuchukua gitaa.

Yaliyofuata ni ya Kwizera, yule Sauti, ambaye saa kumi alikuwa bandani na maikrofoni yake ndani ya mfuko, kwa kuwa Malongo alimwambia aje tayari.

Anasema Projestus aliingia, akasalimia, akachukua kigoda chake akakigeuza. Aliketi akiwa ameelekea shuka, na banda zima likaona kisogo chake. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa mbele akauliza kwa sauti:

— Mzee, tumekukosea nini?

— Hamjanikosea, alisema bila kugeuka. Na mimi nimekuja kuangalia.

Filamu ikaanza. Fundi wa kwenye filamu ni mtu mwembamba mwenye suruali pana. Anapita sokoni na ngazi ndefu begani, na kila anapogeuka kumwomba mtu radhi, ncha ya nyuma ya ngazi inamwangusha mwingine. Projestus alikuwa ameipigia filamu hiyo tangu Malongo alipoileta. Hakuwa ameiona hata mara moja. Alianza kupiga taratibu, sauti za chini, kama anavyoanza siku zote. Fundi akageuka, ngazi ikamwangusha muuza mayai. Fundi akageuka kumwomba radhi muuza mayai, ngazi ikamwangusha polisi. Hapo gitaa likanyamaza.

Kwizera alidhani uzi umekatika. Kisha wakasikia sauti ya puani, kama ya mtu anayezuia chafya, halafu wakaona mabega ya Projestus yanatikisika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia mbali na gitaa. Alikuwa anacheka. Anacheka vibaya, anasema Kwizera, kicheko cha mtu asiyekizoea, kinapanda na kukwama.

Mama yule wa mbele ndiye aliyemfuata. Kwizera anashikilia kwamba alimcheka Projestus, si filamu, na kwamba benchi la mbele lote lilimcheka Projestus kwanza. Sina namna ya kulithibitisha hilo. Lakini anakubali kwamba fundi alipofika kwenye pipa la chokaa, hakuna aliyekuwa anamwangalia Projestus tena.

Pale kwenye pipa Projestus alikuwa ametulia, amerudi kwenye gitaa. Fundi amepanda ngazi, ngazi imesimama wima bila kuegemea kitu, inayumba. Projestus alipiga sauti nne kwa pamoja, akaziacha zining'inie. Hazikwenda juu wala chini. Ngazi ikayumba kulia, ikayumba kushoto, sauti zile ziko palepale. Fundi alipoanza kuanguka, Projestus alizifunika nyuzi kwa kiganja. Fundi akatumbukia katika ukimya mtupu, na banda likapasuka.

— Hakupiga kitu, aliniambia Kwizera. Mtu anaanguka, yeye hakupiga kitu! Na nikacheka. Nilikuwa na maikrofoni mfukoni, kazi yangu inakwenda, na nikacheka. Hilo usiliandike.

Nilimwomba ruhusa mara ya pili, akaitoa.

Baada ya onyesho Malongo aliichukua maikrofoni kutoka kwa Kwizera akairudisha kwenye sanduku la spika. Jumamosi iliyofuata alipaka alama ya rangi sakafuni, mahali kigoda kilipokaa, kikiwa kimeelekea shuka. Nimeiona alama hiyo. Mtu aliyepanga jengo baada yake aliligeuza kuwa stoo ya mahindi, na alama bado ipo.

Mzee Rogasian, yule Kiitikio, alifariki Oktoba 2023 na kuzikwa kwao Ngara. Malongo alifariki mwaka uliofuata. Philbert yuko hai na gereji yake ipo. Kwizera yuko hai. Anatangaza kwenye minada ya ng'ombe, na sauti yake inafika mbali. Marsiana yuko hai. Projestus yuko hai, yuko Kanazi, na Jumamosi moja moja humpigia padri gitaa kwenye filamu zilezile kwenye ukumbi wa parokia. Kuhusu Esperansia, hakuna aliyemuuliza jina la ukoo siku ile. Marsiana alituma kuulizia Murusagamba, akaambiwa huko wapo akina Esperansia wawili wa rika hilo wenye mabinti walioolewa Kahama. Wote wawili wako hai, kwa hiyo naandika kwamba yuko hai.